Mtandao umeganda, mume wangu amefunguka

Leo mume wangu amefunguka, na aliyemuuliza hakusikia neno.

Wiki ya tatu hii tunafanya ushauri wa familia kwa simu, kwa vidio. Mtoto wetu ana miezi mitano, analia kutwa, na sisi wawili tumebaki kununiana. Siku zote ni mimi ninayeongea na mshauri. Mwenzangu kazi yake ni "salama tu".

Mchana huu mshauri akamuuliza, "Baba Anita, ukirudi nyumbani jioni unajisikiaje?"

Akainamia mikono yake. Hapohapo mtandao ukaganda, mshauri, mama wa watu, kabaki mdomo wazi kwenye kioo cha simu.

Nilitaka kumwambia mume wangu kwamba hasikiki. Kabla sijasema, akaanza.

"Nikizima pikipiki nikasikia analia, mlango unanishinda. Nakaa palepale nje mpaka anyamaze. Namwogopa mtoto wangu mwenyewe."

Na mimi, kwa anavyokawia kuingia ndani, miezi yote hii nilishaamini ana mwanamke mtaa wa Majengo.

Mtandao ukarudi. "Samahani, ulikuwa unasemaje, baba?"

Akainua kichwa. Akanitazama mimi, akaitazama simu.

"Salama tu."

Simu ikaisha, akawasha pikipiki akarudi kazini.

Sasa hivi ni jioni, naandika kwa mkono mmoja, mwingine una mtoto na analia. Pikipiki imeingia uani. Imezimwa.

Mlioolewa, niambieni. Nimfuate nje, au nimnyamazishe kwanza huyu?

Mlango bado haujafunguliwa.