Mwenye Dini Ndiye Mwenye Rimoti

Saa mbili asubuhi, Mama Rimoti yuko juu ya meza, peku, anabandika shuka jeupe ukutani. Pazia la dirishani ni fupi, kwa hiyo ameliongezea koti lake.

"Chekeni tu," anawaambia wanafunzi wake wa chuo. "Picha ikianza mtanyamaza."

Anafundisha sosholojia ya dini, yaani jinsi watu wanavyoishi dini zao pamoja, na anaifundisha kwa filamu. Lakini leo roho iko juu. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliicheka ibada ya mwenzake kwenye filamu, darasa likachafuka, wazazi wakaja juu. Mkuu wa idara, aliyekaa nyuma kabisa na mikono kaikunja, amekuja kuamua kama somo lifutwe.

"Nililia, sikufichi," Mama Rimoti anamwambia Mkuu. "Nilipomaliza kulia nikaweka sheria. Mwenye dini ndiye mwenye rimoti. Ukipotosha, anakusimamisha hapo hapo."

Leo rimoti anayo binti wa mstari wa mbele. Filamu kaipiga mwenyewe kwa simu, kwenye nyumba ya ibada ya kwao. Waumini wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja anainama mlangoni.

Uvumilivu unamshinda Mkuu. "Hiyo ni heshima kwa mahali patakatifu," anasema kwa sauti nzito. "Andikeni."

Picha inaganda.

"Samahani, Mkuu," anasema binti. "Ule mlango ni mfupi. Usipoinama unatoka nundu. Muulize baba yangu."

Darasa zima linaangua kicheko. Mkuu hacheki. Mama Rimoti anajishika kichwa. Somo analiona linakwenda na maji.

"Endelea, binti yangu," anasema.

Sasa anaingia ajuza mmoja, mfupi hasa. Juu ya kichwa chake nafasi ni tele. Naye anainama, taratibu, mkono ukishika goti.

"Rudisha!" Mkuu amesimama. Ajuza anaingia tena, anainama tena. "Na huyo je, anaogopa nundu?"

Binti anaikodolea macho picha. "Huyo ni bibi yangu. Namwona akiingia hivyo tangu utoto wangu, wala sijawahi kujiuliza." Anaishusha rimoti. "Kumbe tulianza kwa kuogopa nundu, tukaishia kwenye heshima."

"Haya, hilo ndilo mwandike!" anapaza sauti Mama Rimoti. Machozi yanamtoka, na safari hii hajali nani anaona.

"Somo libaki," anasema Mkuu. "Na mtafutiwe chumba chenye pazia la maana, jamani."

Muhula ujao Mama Rimoti anataka kuwaalika wazazi, hasa wale waliokuja kumgombeza, kila mmoja na filamu ya ibada yake. "Waje tu," anasema huku akikunja shuka. "Rimoti watashika wao."

Mlango wa darasa ni mrefu, hata aliyebeba ngazi begani anapita. Mkuu anafika pale, anasita, kisha anainama na kutoka.