Ugali wa Siku ya Mtihani

Agizo lilipotufikia kwamba shule za bweni ziache kuni, sikulipinga. Nimekua nikiuona msitu wa miyombo kati ya Puge na Nzega. Siku hizi ukisimama barabarani unahesabu ng'ombe wa kijiji cha pili. Ila kwenye kikao cha madiwani palichafuka. Mmoja alisema, "Miti ikiisha, mvua itatoka wapi?" Mwenzake akamrukia, "Na gesi ikiisha, watoto watakula nini?" Mimi, mkuu wa shule, nikasimama nikajigamba kwamba jikoni kwangu gesi haijawahi kukatika. Nikapigiwa makofi. Nilikuwa nautolea macho uafisa elimu, sifichi.

Wiki mbili baadaye, siku ya mtihani wa kidato cha nne, mtungi uliisha saa tano asubuhi, ugali ukiwa nusu. Lori la gesi lilikuwa limekwama tangu juzi, maji yamebeba daraja. Njia waliyoipita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu mabegani ilimshinda dereva mwenye magurudumu kumi.

Mama mpishi, mjane aliyeipikia shule ile tangu mimi sijaajiriwa, alinifuata ofisini mikono imejaa unga.

"Mkuu, unga uko majini na moto hakuna. Tukichelewa kidogo ni wa kumwaga. Na watoto saa nane wana karatasi."

"Washa kuni."

"Si zimekatazwa?"

"Nimesema washa, mama. Nitajibu mimi."

Tulivunja madawati mabovu ya stoo, akapanga mafiga nyuma ya jiko, sufuria ikahamia huko. Nilirudi ofisini nikijiona mwanamume.

Saa sita na nusu gari la wilaya likaingia bila taarifa. Afisa alishuka, akanusa, akazunguka moja kwa moja nyuma ya jiko. Nilimfuata.

"Nani ameruhusu hii?"

Mama mpishi aliinua uso. Alinitazama mimi, niliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Akageuza mwiko mara moja, akageuza tena, akinipa nafasi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini na ile hotuba yangu ya kikaoni nilikuwa nayo, na yule afisa alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Nikaangalia viatu vyangu. Aibu ya pale haijanitoka hadi leo.

"Ni mimi, baba," akasema. "Watoto wana mtihani."

"Huyu aondoke leo hii," afisa akaniambia. "Barua uandike wewe mwenyewe."

Watoto walikula, wakashiba, wakaingia kwenye mtihani kwa wakati. Mimi nikaandika barua. Saa kumi nikamwita mama mpishi ofisini. Hakujua kusoma, akaomba nimsomee. Nilisoma mbio mbio, nikitaka tu nifike mwisho.

"Rudia hapo katikati," akasema.

Nikarudia: "Umewasha kuni kinyume cha agizo la mkuu wa shule."

Akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akanyoosha kidole gumba. Nikakipaka wino, nikamshika mkono, nikamwonyesha pa kubandika.