Besi ya Vidole Viwili

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi kwa muuza magazeti wa Wandegeya, mtu ambaye Mungu hakumjalia kunong'ona. "Mzee, yule fundi wa magitaa amekufa! Wanazika leo leo!" akapaza sauti huku akinikunjia gazeti, na nusu ya barabara ikageuka kunitazama. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba siandiki tanzia. Wakubwa wana watu wao wa kuwaandikia, na sisi wengine tunasifiwa uongo wa kutosha makaburini. Leo navunja sharti langu, kwa sababu bila fundi yule ningekuwa mtu mchungu zaidi hata ya huyu mnayemlalamikia katika barua zenu.

Nilimjua miaka ya sabini, wanajeshi walipokuwa madarakani na rafu za maduka zimebaki na vumbi. Hapakuwa na gitaa la kununua Kampala, wala uzi wa kubadilisha. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la kupiga chapa, na kila bendi ya mjini ilipita pale. Alichonga mwili wa gitaa kwa mvule na shingo kwa mahogani. Waya wa shaba wa kunasa sauti aliutoa katika redio zilizokufa. Na nyuzi za besi zilizochoka alizichemsha kwenye sufuria mpaka zikatema uchafu na kuanza kuimba tena. Mkewe alilalamika kwamba chai ya nyumba ile ilikuwa na ladha ya kutu. Ila hakugusa ubao kabla ya kuuchora mkono wa mpigaji. Uliweka kiganja cha kushoto juu ya karatasi, naye akapitisha penseli polepole kidole kwa kidole, kisha karatasi ikaingia katika bahasha kubwa ya kaki. "Gitaa si benchi ya kila mtu kukaa," alituambia. Mimi nilikuwa mpiga besi kijana mwenye majivuno, na mkono wangu ulikuwa humo pamoja na mikono ya wenzangu.

Tulimwita Afande, kwa utani. Babu yake alikuja na jeshi la wakoloni kutoka Sudan, na yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki maishani. Lakini alizungumza nasi Kiswahili, na siku zile Kiswahili masikioni mwetu kilikuwa sauti ya kambini. Utani ukaniisha alasiri moja, tukitoka kwenye dansi la mchana, gari letu liliposimamishwa kwenye kizuizi cha askari, barabara ya Ggaba. Askari aliuliza ndani ya sanduku mna nini. Kiswahili changu kilikuwa kibovu, nikachelewa kujibu. Akaniamuru niweke mkono juu ya boneti, nikaweka wa kushoto, akaupiga kwa kitako cha bunduki mara mbili, na besi akaondoka nayo. Mifupa iliunga, lakini kidole cha pete na kile kidogo vilibaki vimepinda, havikunjuki wala havikunjiki zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikujua kazi nyingine yoyote.

Miezi mingi sikukanyaga karakana ile, na sababu naiona aibu hadi leo: Kiswahili cha fundi kilikuwa kile kile cha askari wa kizuizi. Alinitumia salamu kwa wenzangu wa bendi mara tatu ndipo nikaenda. Aliniketisha, akaniuliza, "Mkono inauma bado?" Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza hivyo kwa lugha ile. Nilipotaka kuuweka mkono mezani auchore, alikataa. "Yako ninayo," akasema, akaitoa karatasi ya zamani katika bahasha. "Nakutengenezea ingine. Ukuje mwezi kesho."

Besi aliyonipa ilikuwa nzuri kuliko ile iliyoporwa. Niliipakata, nikaunyoosha mkono kwenye shingo yake ndefu, na vidole viwili vikagoma. Nikajaribu tena. Wapigaji wengine waliokuwa wakingoja wakanigeukia. Hasira iliyonipanda sikuwahi kuiona kabla wala baadaye. "Unanicheka, ssebo?" nikamfokea, nikimwita bwana kwa Kiganda. "Na wewe ni wao tu!" Neno hilo, la kumtia mtu kundi moja na askari, mwaka ule, mbele ya watu, lilikuwa neno la kumtenga mtu na wateja wake wote. Niliiweka besi chini, nikaondoka.

Kesho yake mchana alikuja kwangu Kansanga kwa baiskeli. Majirani waliposikia mtu akiita "Hodi" kwa Kiswahili mlangoni pangu walifunga madirisha. Nilidhani amekuja kugombana. Akatoa karatasi tupu na penseli.

"Mimi ndiyo nimekosa," alisema. "Nilipima mkono ile nilikuwa naomba Mungu akurudishie. Sasa lete hii iko."

Niliuweka juu ya meza, na kwa haya nikajaribu kuvinyoosha vile vidole mpaka machozi yakanilenga. Akanishika kifundo taratibu. "Usinyooshe. Weka vile inakaa." Akachora. Penseli ilipofika kwenye vile vilivyopinda ilizunguka polepole vile vile kama kwenye vizima, nami nikalia kama mtoto, na sikuona haya tena.

Besi ya pili ilikuwa na shingo fupi na nyembamba, ya kupigwa kwa vidole viwili. Nilijifunza upya wiki baada ya wiki, na pale vidole visipofika niliacha kimya kipite. Wachezaji wakapenda kimya kile! Vijana wa Kyambogo wakaanza kukunja vidole viwili vizima ili wapige kama mimi, wakidhani ni mtindo, na mimi nani nikawatoe ujinga? Besi hiyo ilinilisha kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza kuandika.

Utawala ule ulipoanguka, waliomwita Afande kwa utani walianza kumwita hivyo wakisaga meno. Alikimbia na familia yake, akaacha randa na misumeno vikaporwa, akabeba ile bahasha ya kaki. Aliporudi baada ya miaka alianza upya na karatasi zake, katika karakana ile ile. Nimekaa humo mara nyingi kuliko ninavyokaa na ndugu zangu, na Kiswahili hiki mnachosoma kila wiki nilikipata mezani kwake, kati ya vumbi la mbao na chai ya kutu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba lugha fulani au kabila fulani ni la wabaya, huwa namwuliza kama amewahi kukaa nao mpaka chai ikapoa. Wengi hawajawahi. Hata mimi nilisubiri kuitwa mara tatu.

Tulimzika kabla ya alasiri. Baadaye binti yake, ambaye sasa ndiye fundi wa karakana ile, aliniita ndani. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi besi yangu inakaa ukutani, kwa kuwa baridi yabisi imekamata hata vile vidole viwili vilivyobaki. Nilimwambia kwamba mzee wa umri wangu apumzike tu. Nchi yetu ina watu wengi wa namna yangu, waliokaa wakingoja warudishiwe mkono wa zamani ndipo waanze kazi, na baba yake alinifundisha kwamba kazi huanza na mkono uliopo. Nimeliandika hilo hapa mara nyingi kwa maneno makubwa. Binti hakusema neno kubwa lolote. Alifuta vumbi mezani, akatandika karatasi tupu, akachonga penseli. Nikaweka mkono, nikajikaza kuvinyoosha vidole.

"Usikaze, mzee," akasema. "Weka vile inakaa."