Chumba cha Mbele

Dada yangu ana nyumba ya vyumba vinne, na yeye mwenyewe amepanga. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani ni kitendawili. Mimi sicheki. Karatasi za mkopo wa nyumba ile zina saini yangu ya udhamini, na kila simu ikilia mwisho wa mwezi natazama kwanza ni nani anapiga.

Mtaani wanamwita Dada Pasi, kwa sababu tangu usichana wake kazi yake ni udobi, kwenye duka la kona, nyuma ya meza ya kupigia pasi. Kazi hiyo haina kiti. Magoti yake yamezeeka kabla yake. Na kana kwamba hayo hayatoshi, chumba alichopanga kiko ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, ila hawakusema kwamba jioni atalazimika kuzipanda tena.

Watu wakimwona mwanamke ananunua nyumba ya kupangisha, hudhani anatafuta utajiri. Dada alitaka chumba cha chini, basi, chenye mlango unaotazama nje, aweke miguu kwenye beseni la maji ya moto bila kupanda popote. Hesabu yake ilikuwa fupi: vyumba vitatu vilipe mkopo, cha nne alale yeye.

Akaweka akiba kwenye chama cha akiba na mikopo, haba na haba, miaka mingi, mpaka wakamwona mtu wa kukopesheka. Ndipo akaanza kuniburuta kwenye nyumba za watu kila siku yake ya mapumziko, dalali mbele, sisi nyuma. Mimi nilikuwa nagonga kuta na kutazama bati. Dada alikuwa anakwenda moja kwa moja uani, kwenye kamba ya nguo. Anashika shuka ya mpangaji, anainusa, anatazama pindo.

"Wewe umekuja kununua nyumba au kufua?" nikamuuliza.

"Mtu anayefua shuka yake hivi hawezi kulala na kodi ya watu," akanijibu. "Hii ndiyo nyumba."

Nami nikiri, kwa wapangaji hakukosea. Msusi, kinyozi na dereva wa lori waliokuwa mle ndani wote walikuwa watu wa kulipa. Kosa lilikuja mezani.

Mwenye nyumba alikuwa karani mstaafu aliyefiwa na mke. Tulimwita Mzee Koti, kwani sikuwahi kumwona bila koti, hata jua linapopasua mawe. Yeye alikaa chumba cha mbele, chenye kibaraza, dirisha kubwa na bomba lake. Ndicho chumba ambacho Dada alikitazama mara moja tu, haraka, kama mtu anayeogopa kukitia kijicho.

Akiba yake na mkopo wa chama vilipounganishwa, bei ilibaki na pengo. Dalali akasema mzee yuko tayari kulipwa kidogo kidogo kilichobaki, lakini anataka uhakika. Mimi nikaanza kufikiria la kusema. Dada hakungoja.

"Mzee, dukani kwetu nguo haitoki mpaka ilipiwe yote," akasema. "Basi na wewe usitoke. Kaa chumbani kwako mpaka nimalize deni."

Nilimpiga teke chini ya meza. Teke likampata dalali. Mzee Koti alitabasamu, mara ya kwanza siku ile, na dalali, huku akisugua mguu, akayaandika maneno hayo kwenye mkataba kabla Dada hajabadili nia. Tulipotoka nilimwambia Dada amejiuzia mbuzi kwenye gunia mwenyewe. Akasema ni haki. Anayedai ndiye anayeshika mali, ndivyo alivyofundishwa kazi.

Haki ilimchosha. Kodi za vyumba vitatu zilimezwa na chama. Fungu la Mzee Koti likatoka kwenye pasi, na kodi ya ghorofa ya nne nayo ikatoka kwenye pasi hiyo hiyo. Akaomba kazi za Jumapili, vitambaa vya meza vya kumbi za harusi, marundo. Bati lilipovuja, Mzee Koti alimpigia simu: "Mwenye nyumba, tunalowa huku!" Lakini wapangaji walipoamka asubuhi, mwenye nyumba wa kumwamkia alikuwa mzee yule yule, pale kibarazani. Kinyozi akapata la kusema: "Dada Pasi, wewe na mimi ni wamoja. Kinyozi hajinyoi." Tulicheka. Dada naye alicheka, ila alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibaraza akisugua magoti.

Mara mbili alichelewa, na mara mbili afisa mikopo alinipigia mimi, kwa ile sauti yao ya upole inayotia baridi. Nililipa. Nilimwonea huruma dada yangu, na nilimkasirikia pia. Nikamwambia auze. "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akasema. Siku za kupeleka fedha, akiona koti la mzee limekunjamana, alimvua na kulipiga pasi. Mzee akampikia chai. Mimi nilikaa nje.

Siku ya fungu la mwisho tulikwenda pamoja. Dada alikuwa ameshaaga kwenye jengo lake, na mkobani alibeba mapazia aliyoyashona kwa kipimo cha lile dirisha kubwa, yamepigwa pasi mpaka yanasimama. Njia nzima hakuacha kuongea. Sikumbuki tangu utotoni kumwona na furaha ya namna ile.

Mzee Koti alihesabu, akatia saini polepole, akampa Dada nakala. Mimi nikatazama chumba. Hakuna sanduku lililofungwa. Vikombe viko mahali pake, viatu viko chini ya kitanda.

"Sasa," mzee akasema, "hapa kodi ni kiasi gani kwa mwezi?"

"Mzee wangu," nikasema, "mkataba unasema leo..."

"Najua unavyosema." Akamgeukia Dada. "Nilidhani nitatangulia kaburini kabla hujamaliza, mwanangu. Umeniwahi. Ulizokuwa unaniletea nilimtumia binti yangu, nikidhani nisipokufa nitakwenda kukaa kwake. Sasa hapokei simu."

Nilitaka Dada aseme. Nilitaka apige kelele, hata atukane. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, akatazama dirisha.

"Sawa na wenzako," akasema mwishowe. "Mwisho wa mwezi, usivuke tarehe tano." Kisha akanikabidhi mkoba. "Tundika haya. Yamepimwa kwa dirisha hili, kwingine hayatatosha."

Nikayatundika, nimefura kama andazi. Nje nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabana: magoti yake, Jumapili zake, saini yangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Dukani kuna nguo zimelipiwa zote, mwenyewe hajaja kuzichukua," akasema. "Hatuzitupi barabarani, mdogo wangu. Zinatundikwa tu."

Tulipofika kwenye jengo lake, mlinzi alimwuliza lori la vyombo linakuja lini. Dada akasema haliji, amwombee kwa mwenye jengo kama chumba hakijapata mtu. Mlinzi akaenda kupiga simu, akarudi, akasema kipo, ila kodi imepanda.

Dada akaitikia kwa kichwa. Tukaanza kupanda, yeye mbele, ameshika reli kwa mikono miwili. Ghorofa ya pili akasimama, akaegemeza paji la uso ukutani, na mabega yakaanza kutikisika. Nilimshika mkono.

"Kodi ya mzee itasaidia kulipa hii," akasema, bado amegeukia ukuta.

"Haitoshi, Dada."

"Najua haitoshi." Akajifuta uso kwa kiganja, akaishika tena reli. "Twende. Bado ghorofa mbili."