Ngoma ya Mwinjilisti Filimoni

Wiki iliyopita kwaya ilinisindikiza hadi ufuko wa Katonga kupanda boti ya kwenda Kongo, nilikotumwa kuhubiri. Mbele yao alisimama binti mdogo na ngoma, na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Tulikuwa tunamuaga Mwinjilisti Filimoni, jirani yetu, aliyeugua homa akihubiri huko Kongo, akafa na kuzikwa huko huko. Kwa kuwa hatukuwa na kaburi la kusimama kando yake, kwaya ilivaa sare, ikashuka ziwani na kuimba ikielekea milima ya ng'ambo. Mimi nilikuwa na furaha tele, maana nilipewa ngoma yake aliyoiacha nyumbani. Milima ilionekana karibu, nikaamini anatusikia. Nikapiga mpaka viganja vikawaka moto.

Wimbo ulipokoma, nikasikia du, du, kutoka majini.

"Mama, amejibu," nikasema.

Leo najua ilikuwa mitumbwi mitupu ikigongana. Mama alijua hapo hapo. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniinamia.

"Basi na wewe mjibu, mwanangu. Usimwache apige peke yake."

Nikapiga, na kina mama wakaingia majini na sare zao, wakicheza kwa vigelegele.

Wiki iliyopita, boti iliposukumwa majini na injini haijawaka bado, yule binti aliacha kupiga. Nikagonga ubavu wa boti kwa kiganja, du, du. Akamvuta mama yake kitenge, akaishika ngoma upya.