Tawi la Kuvukia

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, huko Kanja, nilichoma tawi moja jikoni kwa nyanya yangu, niliyemwita Cucu, na hadi leo sina hakika kama waliotoka kwenye moto ule wameniacha.

Desturi ilikuwa hivi: mti mkubwa ukikatwa, wasioonekana wanaoishi ndani yake hawafukuzwi ovyo. Wazee huchukua tawi lake na kuliegemeza kwenye mti mwingine uliosimama, ili wavuke polepole. Tawi huachwa hapo lioze lenyewe. Mwaka huo mringa wa shuleni ulikuwa umekatwa kupisha darasa, na tawi lake likaegemezwa kwenye mti wa kando ya mto. Mimi nilikuwa nimetumwa kuni, mvua inakaribia. Nililiona limekauka vizuri. Nikalibeba.

Lilipowaka lilitoa sauti nyembamba, kama ya mtu anayejizuia kulia.

“Hili umelitoa wapi?” Cucu aliniuliza.

“Kule mtoni.”

“Lilikuwa limelala ama limeegemea?”

“Limeegemea, Cucu.”

Alilichomoa motoni kwa mkono mtupu, likiwa limebaki nusu. Akatazama pembe za jiko, moja moja. “Basi wamefika hapa,” akasema. “Na hatujawaandalia.”

Hakunichapa. Ningependelea fimbo.

Asubuhi yake Mama Njeru, jirani aliyekuja kila siku kuomba kaa la moto, alipita na kigae chake bila kugeuza shingo, akaenda nyumba ya tatu. Hakuna aliyeitisha baraza wala kutoza faini. Jumapili, katika kanisa ambamo sote tulikana mambo hayo kwa sauti kubwa, benchi letu lilikuwa na nafasi tele.

Cucu alinipa mche wa mringa niupande nyuma ya jiko, na kuuegemezea kile kipande kilichoungua. “Huu ukikauka,” akaniambia, “hakuna atakayeota moto wetu tena.”

Niliumwagilia maji kila jioni, na kila jioni nilihisi kuna watu wamesimama nyuma yangu, wanangoja ukue. Sikugeuka hata mara moja. Mche ulipotoa majani mapya, Mama Njeru alitokea mlangoni.

“Mna moto hapa?”

“Upo,” Cucu akajibu.

“Na wewe, mchoma wageni, sogea nipite.”

Ndivyo tulivyosamehewa.

Siku hizi jiko na mringa ni vyangu. Ofisi fulani ilisimika kibao kando ya mto: kukata miti ni marufuku. Mwezi haukuisha, nguzo ya kibao ikawa kuni. Miti yote ipo. Nguzo, nadhani, haikuwa imeegemea popote.

Kisha ikaja barua: barabara inapanuliwa, mringa uondolewe. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa sababu za pingamizi. Nikaandika: Una wenyewe.

Afisa alinipigia simu. “Madam, hao wenyewe ni wangapi?”

“Sijawahi kuwaona. Lakini watahitaji mti mwingine kwanza.”

“Mimi ni wa Kibirichia,” akasema, sauti ameishusha kama mtu anayehofia kusikika na wenzake. “Kwetu pia matawi huegemezwa. Nitaandika kwamba udongo wa hapo ni mbaya. Barabara itapinda.”

Sijui kama naamini. Ninachojua ni kwamba nikiona ukuni njiani, kabla mkono haujaugusa, natazama kwanza kama umelala ama umeegemea.