Keki ya Krismasi Iliyookwa Mwezi wa Tatu

Mume wangu alinipigia simu akiwa katikati ya ziwa lililoganda, akaniambia marehemu baba yake anamwita kutoka chini ya barafu.

Valdi si mtu wa mambo hayo. Ni mvuvi. Anatoboa barafu, anavuta nyavu, anarudi nyumbani kulalamikia bei ya samaki.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hutanielewa. Majina nimebadilisha.

Tunaishi Gimli, mji mdogo kando ya ziwa huko Manitoba, nyumba moja na mama mkwe wangu, Amma Gudny. Amma ndiyo bibi kwa lugha ya wazee wetu waliotoka Iceland, na mjini hapa hata asiye mjukuu wake humwita hivyo. Nyonga yake imechakaa, usiku halali. Daktari akamwambia ajaribu bangi. Huku kwetu ni halali, duka liko mtaa wa pili tu, jirani na duka la mikate.

Nikampeleka mwenyewe. Muuzaji, dada mchangamfu anayeitwa Renée, akaweka pakiti juu ya kaunta.

"Amma, tazama hapa. Kuna namba mbili. Hii ya kwanza, saba, ni nguvu yake ikiwa hivi hivi. Hii ya pili, mia mbili na kumi, ni nguvu yake ikishapita kwenye moto. Ukiivuta au ukiipika, we soma ya pili. Ya kwanza isikudanganye."

"Kwa hiyo kidogo tu kinamlaza mtu?"

"Kidogo sana, Amma. Ukizidisha utapiga stori na friji."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, mjinga mimi.

Mwezi wa tatu ulipoingia, hali ya hewa ikawa haieleweki. Barafu karibu na ufukwe ikaanza kuwa ya kijivu, dalili kwamba inalegea. Baba yake Valdi alizama na gari lake kwenye ziwa hilo hilo, mwezi huo huo, kwa hiyo kila jioni Amma alikuwa na wimbo mmoja.

"Valdi, toa nyavu. Msimu umekwisha."

"Mama, barafu bado nene. Nimeipima mwenyewe."

"Hata baba yako aliipima."

Valdi ni mbishi. Kesho yake anawasha gari, anaingia nalo juu ya barafu.

Asubuhi moja nikaamka nyumba nzima inanukia iliki. Amma ameoka vinarterta, ile keki yetu ya tabaka saba zilizopakwa jamu ya plamu.

Nilishtuka. Vinarterta ni ya Krismasi. Halafu ikishaokwa inaachwa siku kadhaa ilainike, kila mtu wa huku anajua hilo. Yeye alikuwa anaikata bado ya moto.

Nikanyoosha mkono. Akanichapa vidole.

"Hiyo ya Valdi."

"Yote?"

"Yote, Thora."

Valdi akala vipande viwili vikubwa na kahawa yake. Amma amekaa mbele yake, anamtazama usoni. Alipoanza kuvaa buti, mama yake akamshika mkono wa koti.

"Kaa kidogo. Kunywa kikombe kingine."

"Nachelewa, Mama."

Akaondoka. Amma akabaki dirishani, gari limeshapotea zamani.

Karibu na saa sita mchana, simu ikaita.

"Thora, Baba yuko huku chini. Anaita."

"Valdi, umelewa?"

"Sijagusa kitu. Hii mikono si yangu, Thora. Naenda kumtoa."

Nikasikia mlango wa gari unafunguka, halafu upepo.

Nyuma yangu kikombe kikapasuka sakafuni. Amma alikuwa mweupe kama unga.

"Mwambie akae chini! Asitembee!"

"Valdi, kaa chini! Hapo hapo ulipo!"

Amma akakimbilia simu ya mezani, na nyonga yake ile, akampigia jirani yetu Steini mwenye pikipiki ya theluji. Mimi nikamshikilia Valdi kwa maneno. Nikamwambia anitajie majina ya mbwa wote aliowahi kufuga. Akataja wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Simu ikakata.

Sitaki kuelezea nilivyongoja. We acha tu.

Steini alimkuta amekaa juu ya barafu bila glavu, anaongea peke yake. Mbele yake kidogo tu palikuwa na ufa, na maji meusi yanacheza. Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, baridi ilikuwa imeviua.

Vipimo vikaonyesha bangi. Mji mzima ukasema maskini Amma, kizee cha watu, katia dawa yake kwenye keki akidhani ni hafifu, kasoma namba ya kwanza. Hata mimi nilimtetea hivyo. Valdi mwenyewe alimkumbatia mama yake akilia.

Siku tuliyotoka hospitali nikachukua ile pakiti nikaitupe. Amma akaniita.

"Mimi sikukosea namba, Thora."

Nikasimama na pakiti mkononi.

"Nilipiga hesabu kwa ile ya pili. Nilitaka alale pale pale mezani, kabla hajavaa buti. Akiamka anitukane. Nilikuwa tayari kutukanwa."

Nikaigeuza pakiti. Ndani ya kisanduku cha njano kilichochapwa nyuma kulikuwa na maandishi madogo: ukiila, inaweza kuchukua hadi masaa manne kufikia nguvu yake yote.

"Hayo sikuyasoma," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Jamani, ukinunua kitu hiki soma pakiti yote, pamoja na kisanduku cha njano. Na usimlishe mtu kitu asichokijua, hata kama unampenda kufa.

Valdi hajui mpaka leo. Kila tukikaa mezani anamtania mama yake kuwa hajui kusoma pakiti. Amma anacheka naye, huku anamkatia nyama vipande vidogo vidogo, maana kisu hakishikiki tena.